Kabla ya Kugusa Chungu Chake

Saa mbili asubuhi karai langu limekwisha poa,
maandazi yamekwenda na wanafunzi na mafundi wa Chikongola,
nami nasimama uani najikung'uta
kama kuku aliyetoka vumbini:
nywele, nyusi, mikunjo ya viwiko,
hata masikio, maana unga wa ngano una hila,
hujificha penye jasho.
Nanawa mara tatu. Nabadili shati.
Ndipo naruhusiwa kugusa chungu cha Siwema.

Miaka ishirini ngano ilitulisha.
Ilimsomesha Fakihi, iliezeka bati hili,
kisha ikamgeuka mke wangu tumboni
kama mgeni aliyezoea nyumba akaanza kuvunja vyombo.
Muuguzi wa Ligula alisema: acha ngano.
Akaacha. Tumbo likapunguza kelele, halikunyamaza.
Akaacha maziwa. Mayai yakafuata.
Nyama aliiacha mwenyewe,
na siku alipomsukumia paka
kipande cha changu nilichomkaangia kwa mkono wangu,
nikajua hata bahari imeondoka mkekani.
"Sasa tule nini, majani?"
"Ndiyo," akasema. "Na mizizi."

Nikaanza shule na mvi kichwani.
Chapati ya kwanza ya unga wa muhogo
ilipasuka kama kigae.
Ya pili ilinata kaakaani, tukazungumza kwa ishara.
Unga wa muhogo hauna mishipa, hauvutiki,
wala hausamehe maji yakizidi kijiko kimoja.
Mimi, fundi wa kukanda, nikakaa chini
nikautazama mkono wangu kama si wangu.

Mbaazi nazo zina adabu zake:
zilale usiku mzima, maji ya kwanza yamwagwe,
zichemke, umwage tena,
uzifikiche mpaka maganda yaelee.
Upepo wote umo kwenye koti lile.
Pilipili, hapana.
Kitunguu kichemke humohumo kipotee.
Tui la pili tu; kasimile nampelekea jirani,
naye hudhani nampenda sana.

Asumini, dada yake, hushuka kutoka Newala
na kikapu cha ming'oko yenye udongo bado.
Tunaichemsha na chumvi, tunaimenya kwa meno,
na Siwema anacheka mpaka anashika ubavu:
chakula cha mwaka wa njaa
ndicho tumbo lake la leo lilichokikubali!

Harusini hali ni nyingine.
Alipofungua kibakuli chake katikati ya sinia za pilau
mwanamke mmoja akamuuliza, kwa sauti ya kusikika,
"Unaogopa tutakuloga?"
Siwema akasogeza kibakuli:
"Onja wewe kwanza."
Ule mchicha wa ufuta uliotwangwa haukurudi kwake.
Alilala na njaa usiku ule, ameridhika.

Na Idi iliyopita niliroweka mchele,
nikausaga na nazi, iliki, hamira kidogo,
nikaumimina, makaa chini, makaa juu.
Nikakaa pale kama mwenye mgonjwa.
Mkate ukaumuka.
Machozi nikayasingizia moshi.

Lakini zipo siku hatujui kosa liko wapi.
Kila kitu kimepimwa, na bado usiku linamsokota,
namchemshia maji na kipande cha tangawizi,
namkanda mgongo kwa viganja vilevile
vinavyokanda unga unaomuumiza.
"Nipe ngano," ananiambia gizani.
Nilishtuka mara ya kwanza.
"Ile ya sungura na kisima. Au yoyote.
Hiyo haijawahi kunisokota."
Basi namsimulia, nachanganya wanyama,
fisi anajibu maneno ya kobe,
mpaka pumzi yake inatulia
na mimi nimebaki na saa moja ya kulala.

Chekeche mbili zimetundikwa ukutani,
yake nimeifunga uzi mwekundu.
Karai huku, chungu kule,
kati yake ndoo ya maji na sabuni.
Leo sabuni imekwisha.
Nimemtuma mtoto dukani,
nasimama uani mikono juu, mieupe,
nisiguse kitu,
na mbaazi zinaniita zimeanza kukauka.